Macho ya Rispa na Kichupa cha Karakana

Wafula alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Chaani. Ungemuuliza, angekwambia pia kwamba yeye ni nusu daktari wa macho. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, baada ya miaka kumi na minne ya kutengeneza mageti, madirisha na vitanda.

Fundi akichomelea bila kinga, ule mwanga mkali humchoma macho. Jioni macho humwasha, yakamwaga machozi, na taa ya nyumbani ikawa adui. Wafula alikuwa na dawa za mkosi huo. Kulikuwa na kipande cha kiazi kibichi juu ya kope, na kitambaa cha maji baridi. Kulikuwa pia na maziwa ya mama anayenyonyesha, kama angepatikana mwenye huruma. Kesho yake au kesho kutwa fundi hupona, na Wafula hujipiga kifua.

Mkewe Rispa alikuwa akimcheka kwa hilo. Alisema mafundi hao wangepona hata kama wangefungwa sukuma wiki usoni. Wafula alimjibu kwamba hata madaktari wakubwa huonewa wivu na wake zao.

Rispa mwenyewe alivaa miwani tangu darasa la nne. Ilikuwa miwani mizito. Bila miwani, vitu vyote vilivyokuwa mbali naye vilikuwa rangi tu, havina umbo. Alikuwa karani katika yadi moja ya makontena karibu na Port Reitz. Kutwa nzima alisimama juani akisoma nambari za makontena na kuziandika. Jasho lilimtiririka, miwani ikateleza hadi ncha ya pua. Akiipandisha, inateleza tena. Binti yao Lynnette, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa akimuiga mama yake kwa kujipandisha miwani ambayo hakuwa nayo, na nyumba nzima ikacheka.

Siku moja Rispa alirudi kutoka kazini akiwa amebeba furaha ambayo hakuweza kuificha hata mlangoni. Kampuni yao ilikuwa imemchagua kwenda kujifunza kuendesha kreni. Wanawake wawili tu walikuwa wamechaguliwa, na mmoja alikuwa yeye. Lakini kulikuwa na sharti. Baada ya wiki kumi na moja angepimwa macho. Kampuni ilitaka dereva wa kreni aone vizuri bila miwani, maana kule juu miwani ikianguka, kontena nalo huenda likaanguka, na chini kuna watu.

Kwa muda mrefu Rispa alikuwa ameweka akiba ili siku moja macho yake yarekebishwe kwa mwanga wa leza. Sasa aliona siku hiyo imefika. Yeye na Wafula wakaenda kwenye kliniki ya macho mjini, wakamwona Daktari Asmaa.

Daktari Asmaa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kusema polepole. Alimpima Rispa kwa mashine nne. Kisha akawaeleza. Mbele ya jicho kuna kioo kinachopitisha mwanga. Madaktari hukiita konea. Jicho la Rispa lilikuwa na umbo ambalo lilifanya picha za vitu vya mbali zisitue mahali pake. Leza ingekipunguza kioo hicho kidogo sana katikati, na picha zingetua panapofaa.

"Kioo chako ni chembamba," daktari alisema. "Kwa hivyo nitatumia njia ya juu juu. Konea ina ngozi yake nyembamba kabisa, na ngozi hiyo haina rangi, ndiyo maana huioni. Nitaiondoa katikati, nipitishe leza, halafu nikuwekee lenzi laini ya kuziba jeraha. Ngozi itaota tena yenyewe. Inshallah, siku tatu hadi tano."

Hapo simu ya Wafula ikalia. Alikuwa mteja wa Magongo akiulizia geti lake. Wafula akatoka nje kumtuliza. Alikaa huko dakika kumi, akiapa kwamba geti limebakia rangi tu, ingawa geti lenyewe lilikuwa bado vyuma vilivyolala chini. Aliporudi ndani, daktari alikuwa amemaliza kusema kuhusu uchungu, na kuhusu dawa za kutumia na za kutotumia. Maneno hayo yalikuwa pia kwenye karatasi. Wafula aliikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, na humo mfukoni ikabaki.

Rispa alifanyiwa matibabu Jumanne asubuhi, macho yote mawili. Alitiwa dawa ya ganzi, akaambiwa atazame taa moja, na leza ikapita kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Alitoka na miwani ya jua, vichupa vitatu vya matone na vidonge vya kutuliza maumivu.

Jioni ile walifurahi mno. Rispa aliketi kitandani, akasoma saa ya ukutani iliyokuwa upande wa pili wa chumba. Kulikuwa na ukungu kidogo, lakini aliisoma. Lynnette akashika daftari lake mlangoni, mama akasoma jina lililoandikwa juu. Wafula alifurahi hadi akakaribia kumpigia simu yule mteja wa Magongo amsimulie.

Jumatano asubuhi ganzi ilikuwa imekwisha zamani, na uchungu ukaja. Rispa hakuweza kufungua macho. Machozi yalimtoka tu. Mwanga wa dirishani ulimchoma, Wafula akatundika leso mbili juu ya pazia. Alipika uji ukaungua, akapika mwingine ukawa maji. Rispa alikunywa vidonge vyake, vikamsaidia kidogo, halafu akauma mdomo na kunyamaza. Wafula aliweza kuvumilia mambo mengi, lakini mke wake akinyamaza alichanganyikiwa.

Mchana alikimbia hadi karakana. Kimani, fundi mwenzake, alimsikiliza, kisha akafungua mkebe wa vijiti vya kuchomelea. Ndani ya mkebe kulikuwa na kichupa kidogo cha plastiki. Mafundi wote wa karakana walikijua. Mtu akichomwa na mwanga, alikitafuta humo.

"Hii ni fiti sana, buda," Kimani alisema. "Niliuziwa na jamaa fulani wa dawa. Tone moja tu, uchungu unapotea. Ukisikia imerudi, unaongeza."

Wafula alishukuru, akakimbia nyumbani. Alimwinamia mkewe na kumwambia afungue jicho kidogo, kuna dawa. Rispa akauliza ni ipi. Wafula akasema ni ya kutuliza. Alijua kwamba Rispa anafikiri ni mojawapo ya zile tatu za daktari. Alilijua hilo, akanyamaza.

Tone moja huku, tone moja kule. Haikupita dakika moja, Rispa akashusha pumzi ndefu, uso ukalegea. Akaomba chai. Akaomba na mkate. Wafula akatoka nje, akasimama uani huku mikono ikiwa kiunoni, akajiona mtu wa maana sana.

Siku nzima ya Alhamisi mambo yalikwenda hivyo. Uchungu ukirudi, Wafula anakuja na kichupa. Ila ulikuwa ukirudi upesi zaidi kila mara. Mwanzo aliweka tone baada ya saa tatu, halafu baada ya saa mbili, halafu kila saa. Macho nayo yalizidi kuwa mekundu. Wafula aliona, akajiambia kwamba ndivyo macho yanavyopona.

Ijumaa mchana ikasikika hodi. Alikuwa Kahaso, jirani wa mlango wa tatu. Kahaso alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, na kwa miaka kumi na minane alikuwa muuguzi wa macho hospitalini. Wiki ile alikuwa kazini kila siku, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kuja kumjulia hali mgonjwa. Alileta wali wa nazi na mchuzi wa samaki, ukiwa bado moto.

Rispa alimkaribisha huku akicheka. Akamsimulia habari za uji ulioungua. Kahaso alicheka pamoja naye, lakini alikuwa akimtazama. Rispa alikuwa amefungua macho na kuelekea mlangoni penye mwanga. Hakuwa na machozi. Alipepesa mara chache mno.

"Leo ni siku ya tatu," Kahaso alisema. "Na huna uchungu hata kidogo?"

Wafula ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa akilisubiri swali hilo. Akaeleza jinsi alivyouzima uchungu mwenyewe, kwa dawa ya karakana. Akasema hata kliniki wangemtafuta wajifunze. Akaenda kukichukua kichupa na kukitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Kahaso alisoma maandishi madogo ya kwenye kichupa. Alikifunga, akakitia kwenye mkoba wake.

"Baba Lynnette, hebu keti," alisema. "Umemtia mara ngapi?"

Wafula akaketi. Akasema tangu Jumatano. Akasema leo ni kila saa.

"Hii ni dawa ya ganzi. Sisi huitia mara moja tu, daktari akiwa anafanya kazi yake. Haipewi mtu kwenda nayo nyumbani." Kahaso alimgeukia Rispa. "Na wewe dada yangu, hukuambiwa?"

"Niliambiwa," Rispa alisema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Baba Lynnette, ulisema ni ya daktari."

"Sikusema hivyo," Wafula alijibu. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini nilijua umedhani hivyo, nikakuacha."

Wafula alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alitaka kujitetea, akasema yeye mwenyewe akichomwa na mwanga hutumia dawa hiyo hiyo, na kesho yake yuko kazini.

Kahaso hakumfokea. Alimweleza taratibu. Fundi akichomwa na mwanga, ngozi ya jicho huchubuka juu juu tu, ikapona upesi, na inapona licha ya ile dawa. Viazi na maziwa navyo havimponyi mtu, ila vinaweza kumtia vijidudu. Rispa alikuwa tofauti. Ngozi yake ya katikati ilikuwa imeondolewa yote, na ilipaswa kuota upya.

"Nisikize, nikwambie inavyoota," Kahaso alisema. "Ngozi ile imeundwa kwa chembe ndogo sana zilizo hai. Huitwa seli. Jeraha likitokea, seli za ukingoni hulala bapa, zikaanza kutambaa kuelekea katikati. Zinatoka pande zote, zimeshikana, hakuna inayoiacha nyingine nyuma. Huku nyuma seli mpya zinazaliwa kujaza nafasi. Zikikutana katikati, jeraha limefungwa. Sasa wewe kila saa unazitia ganzi. Seli iliyotiwa ganzi haitambai wala haizai. Nao uchungu unaouzima ndio unaomfanya mtu apepese na kutoa machozi, jicho lisikauke."

"Na zisipotambaa?" Wafula aliuliza.

"Jeraha linabaki wazi. Linaingiwa na vijidudu, linakuwa kidonda, kisha kovu jeupe. Kovu la katikati ya konea halina miwani ya kulisaidia. Nimewauguza mafundi wawili wa hali hiyo. Walianza na kichupa kama hiki."

Wafula alimtazama mkewe. Aliiona kreni, aliuona mtihani wa macho, na nyuma ya hayo aliona jambo kubwa zaidi. Rispa angeweza kupoteza hata kule kuona kwake kwa miwani. Na mkono ulioleta balaa hiyo ulikuwa wake mwenyewe.

Kahaso alimpigia simu Daktari Asmaa, na daktari akasema waende papo hapo. Wali wa nazi ukafunikwa. Waridi, mama wa chumba cha pili, akabaki na Lynnette. Wengine watatu wakachukua teksi hadi kliniki.

Daktari Asmaa aliondoa zile lenzi laini. Akatia tone la rangi ya manjano katika kila jicho, akaangaza taa ya buluu. Akamwita Wafula atazame kwenye skrini. Katikati ya jicho la Rispa palikuwa na doa linalong'aa kijani. Hapo ndipo ngozi ilipokuwa haijaota bado. Daktari akasema leo doa hilo lilipaswa liwe dogo kama punje ya mtama, au lisiwepo kabisa. La Rispa lilikuwa kama punje ya mahindi.

"Hakuna vijidudu bado, alhamdulillahi," daktari alisema. "Mmefika mapema. Ganzi imekoma kuanzia sasa. Uchungu utarudi, na mara hii tutauacha urudi. Vidonge ni hivi, matone ni haya. Ukiona usaha, au uchungu unazidi badala ya kupungua, usingoje miadi. Njoo."

Akamwekea lenzi mpya, akaagiza aletwe kila siku. Mwishoni alimtazama Wafula na kumuuliza kama kuna geti lolote linalohitaji simu. Wafula alizima simu mbele yake, na hata Rispa akatabasamu kidogo.

Uchungu ulirudi kabla hawajafika Changamwe. Safari hii Wafula hakukimbilia karakana. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaisoma neno kwa neno. Alichukua chaki yake ya kuchorea vyuma, akaandika ratiba nzima ya matone nyuma ya mlango wa chumba. Kabla ya kila tone alinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Nguo zake za kazi zikalala nje, maana zilikuwa na vumbi la chuma. Ncha ya kichupa haikugusa kope. Baada ya tone moja, alingoja dakika tano kabla ya jingine.

Rispa alikuwa amemkasirikia, na alimwambia hivyo. Alisema angeulizwa, angevumilia uchungu, kwa sababu macho ni yake. Wafula akakubali. Hakutafuta neno la kujitetea, na kwa mtu kama Wafula hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba geti. Akamwomba msamaha. Rispa akasema atamsamehe kwa sharti moja, uji apike mtu mwingine.

Tangu hapo nyumba ikachangamka tena, uchungu ukiwa humo humo ndani. Waridi alipika uji. Lynnette alimsomea mama yake kitabu cha shule, na palipomshinda alitunga mwenyewe, hata sungura akajikuta anaendesha kreni. Wafula alisimulia siku alipokwenda kumposa Rispa kule Webuye, viatu vikanasa matopeni, akaingia kwa wakwe na soksi tu. Rispa alicheka, akalalamika kwamba kucheka kunamuumiza, kisha akataka aendelee.

Jumamosi doa la kijani lilikuwa limepungua. Jumapili lilibaki kama chembe ya mchele. Jumanne, wiki moja kamili tangu leza, daktari alitia rangi, akaangaza taa, na hapakuwa na kijani. Ngozi ilikuwa imefunga. Akatoa lenzi, safari hii bila kurudisha nyingine.

Wafula alikuwa tayari kushangilia. Lakini Rispa alipoangalia ubao wa herufi, aliguna. Herufi zilikuwa mbili mbili, na zimetiwa ukungu.

"Siku ya kwanza niliona vizuri kuliko hivi," alisema kwa sauti ndogo.

Wafula akamuuliza daktari wazi wazi kama yeye ndiye aliyeyaharibu.

"Hapana, baba," Daktari Asmaa alisema. "Hata pasingekuwa na kichupa, angeyaona haya. Seli zimetoka pande zote, zikakutana katikati. Pale zilipokutana zimerundikana kidogo. Pamefanya mwinuko, na mwinuko uko pale pale anapoonea."

Wafula alikunja uso. Kisha ukakunjuka. Hilo alilielewa kuliko mtu yeyote mle chumbani. Akasema ukiunganisha mabati mawili kwa kuchomelea, pale yanapokutana huota tuta, na geti haliwi laini mpaka tuta lile lisagwe kwa grinda.

"Ni hivyo hivyo," daktari alisema. "Ila jicho halihitaji grinda. Mtu akipepesa, seli za juu zinajipanga na zilizochoka zinaondoka, mpya zinapanda kutoka chini. Patakuwa sawa polepole. Wiki chache za mwanzo kuona kutapanda na kushuka. Kukaa sawasawa huchukua mwezi, pengine mitatu. Na ngozi hii bado haijashika chini imara, kwa hivyo asiyasugue macho."

Rispa akauliza kuhusu wiki yake ya kumi na moja. Daktari alisema hawezi kuapa. Alisema atumie matone yake, avae miwani ya jua, ajiepushe na vumbi, na asiogelee mpaka aruhusiwe. Mengine seli zitafanya zenyewe.

Wakangoja. Wiki ya tatu Rispa alirudi kazini, lakini ofisini, mbali na vumbi la yadi. Wiki ya nne alisoma maandishi ya televisheni akiwa mlangoni, kesho yake akashindwa, na Wafula akakosa hamu ya chakula. Kahaso akaja kumkumbusha kwamba kupanda na kushuka kulikuwa kumetabiriwa. Wiki ya sita kushuka kulipungua. Wiki ya nane Rispa alikuwa anamkosoa Lynnette mwandiko kutoka upande wa pili wa chumba, na Lynnette akaanza kuikumbuka ile miwani ya zamani kwa mapenzi.

Wakati huo karakana nayo ilibadilika. Wafula alimwambia Kimani kila kitu, hata yale yaliyomwaibisha. Kimani alikataa kuamini. Yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja jekundu siku hiyo, na alikuwa anatafuta kichupa kingine. Wafula alimshika mkono, akampeleka kwa Kahaso. Kimani aliandikiwa dawa inayofaa, na akaambiwa kwamba angelitia jicho hilo ganzi wiki nzima, pengine lisingeona tena. Alirudi karakana akiwa mtulivu kuliko alivyowahi kuonekana.

Jumatano iliyofuata Kahaso alifika pale wakati wa chai ya saa nne, akazungumza na mafundi saba huku wamekalia geti lisilokwisha. Aliwaambia kinga ya uso yenye kioo cheusi ndiyo dawa ya kwanza. Aliyechomwa apumzishe macho gizani, anywe kidonge cha maumivu, na baada ya siku moja bila nafuu aende hospitalini. Ganzi asiweke. Maziwa asiweke. Mafundi wakamtazama Wafula, aliyewafundisha habari ya maziwa. Wafula akatazama chai yake. Mwezi ule kila fundi alipata kinga yake, na mkebe wa vijiti ukabaki na vijiti peke yake.

Siku ya kupimwa ikafika. Wafula alikuwa ameamka mapema mno, akavaa huku akimhimiza Rispa ambaye tayari alikuwa amevaa. Wageni hawakuruhusiwa kuingia yadini, kwa hivyo alibaki nje, ng'ambo ya barabara, malori yakipita mbele yake. Ofisi ya kupimia ilikuwa mwisho wa yadi, mbali kabisa, nyuma ya uwanja mzima mtupu. Alisimama pale saa moja na robo. Hakula, hakuketi, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Hatimaye mlango ule ukafunguka. Mwanamke akatoka, akasimama ngazini. Wafula alimjua kwa vazi tu. Uso wake hakuweza kuusoma kwa umbali ule, akajaribu kusoma mabega, nayo hayakumwambia kitu. Rispa alikuwa amesimama tu, ametazama upande wake, kama mtu anayekagua jambo.

Kisha akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti iliyovuka uwanja wote na barabara.

"Baba Lynnette. Vifungo vya shati umevikosea. Cha pili umekitia kwenye tundu la tatu."

Wafula alitazama kifua chake. Ilikuwa kweli. Vifungo vyote vilikuwa vimeruka tundu moja, na kola imeenda upande. Alicheka hadi mlinzi wa geti akatoka kibandani kuuliza kuna nini.

Shati lile hakulirekebisha. Alishinda nalo hivyo hivyo kutwa nzima pale Chaani, na kila aliyemwambia kuhusu vifungo, Wafula alimshika mkono, akamweleza ni nani aliyeviona, na alikuwa amesimama wapi.